Vibao vya mninga vya nyumba za zamani: jinsi ya kuving'oa, kuvisafisha na kuvitandika upya kwako

Nyumba ya zamani ikibomolewa kupisha ghorofa, iwe Upanga, Oysterbay au kule Nairobi, watu wanagombania bati, nondo, milango na masinki, halafu ile sakafu ya parketi, vile vibao vidogo vilivyopangwa kama mkeka, inachokonolewa kwa sururu na kwenda na kifusi au inaishia jikoni kuwa kuni. Inauma jamani. Ule ni mninga au mvule wa mti mkubwa uliokomaa, umekaa ndani ya nyumba miaka hamsini au zaidi, umeshakauka mpaka moyoni na kama ni kupinda umeshapinda kiasi chake, sio kama mbao tunazouziwa siku hizi ambazo ukizipigilia wiki hii mwezi ujao zimeachia nafasi ya kuingia kidole. Na inazidi kuwa adimu, maana Novemba 2022 kule Panama nchi za mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliiweka mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika kwenye orodha ya pili ya mkataba, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka ni mpaka vibali. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuvichukua, chukua, ila ujue unachukua kazi, na kazi yenyewe karibu yote ni kusafisha na kusubiri. Vanishi ni ya mwishoni kabisa.

Kwanza jua umeshika mbao gani. Chukua kisu, kwangua pembeni mpaka uone rangi mpya halafu lowesha na maji kidogo. Mninga unatoa kahawia yenye mistari ya dhahabu au wekundu, na sifa yake kubwa ni kwamba unyevu ukipanda na kushuka wenyewe unacheza kidogo sana, ndo maana mafundi wanaupenda. Mvule ukiwa mpya ni wa manjano, unageuka kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga, na ndani yake kuna wakati unakuta vijiwe vigumu vya chokaa vinavyokula meno ya msumeno. Mkongo, ambao pwani ya Kenya wanauita mbambakofi, ni mzito na unaelekea wekundu. Msaji, au mtiki kama wengi wanavyouita, ukiupapasa unahisi kama una mafuta. Kenya utakutana pia na loliondo, mgumu kwelikweli, una michirizi myeusi mizuri, na kwenye zile nyumba za mbao za enzi za mkoloni kuna sakafu za mbao ndefu za podo au mwangati. Podo iangalie mara mbili, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao, wanaipenda.

Hii sio elimu ya kujionyesha, inaamua mambo huko mbele. Mvule na msaji zina mafuta yao ya asili yanayoweza kufanya vanishi ikatae kukauka au ikatae kushika, na vumbi la mvule na la mninga linawasha pua na kifua, wengine linawatoa vipele kabisa. Barakoa ya kweli, ya N95, sio kitambaa.

Sasa kabla hujatoa hela, beba rula. Vibao vya zamani viko vya aina mbili kubwa. Kuna vile vinene, inchi 9 kwa 3 na unene karibu inchi moja, hivi ndo dhahabu, unaweza kuvipiga msasa leo na wajukuu zako wakavipiga tena. Halafu kuna vile vyembamba kama vidole, milimita 8 hivi unene, vilivyokuwa vinakuja vimebandikwa kwenye karatasi kwa mraba, hivi kama vimeshapigwa mashine ya msasa mara mbili tatu huko nyuma kilichobaki ni kidogo sana, usivichukue labda uvipate bure. Ukiwa na vinene vya 9 kwa 3, mita moja ya mraba inakula vibao 57 au 58. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni kama vibao 690, ongeza asilimia 10 hadi 15 ya vitakavyopasuka, kwa hiyo chini ya 780 usiondoke. Kuja kutafuta vya kujazia baadaye, vya mti uleule na unene uleule, ni mateso.

Geuza vichache uangalie mgongo. Lami nyeusi, iliyotumika kama gundi, ni kawaida, tutaizungumzia. Unachokikimbia ni oili chafu, ile ya gari iliyotumika, watu walikuwa wanaipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Kibao kilichonyweshwa oili hakishiki gundi wala hakishiki vanishi, na haitoki, imeshaingia ndani. Kinukie tu utajua. Angalia pia matundu ya dumuzi: matundu ya zamani hayana shida, ila kama ukigonga kibao mezani unga mwepesi unamwagika basi wadudu bado wamo ndani. Mara nyingi wanakula ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mti tu, moyo wa mninga hawauwezi, kwa hiyo chenye weupe mwingi weka pembeni, vilivyobaki vipake maji ya boraksi vikiwa vitupu kabla ya kitu kingine chochote. Na omba risiti au karatasi ya mwenye nyumba. Kama mzigo ni mkubwa na unatoka mkoa kwenda mkoa, pita ofisi ya TFS, wakala wa misitu Tanzania, kwanza uulize, maana mbao ikiwa juu ya gari unaulizwa hati, na kwa macho mbao ni mbao, ya zamani au mpya.

Kung'oa. Usianzie katikati. Tafuta sehemu iliyokwishalegea, kwa kawaida mlangoni au pembeni ya ukuta ambako maji yalipita, toa sketingi, ingiza mtaimbo bapa chini ya kibao cha kwanza, kitoe hata kama kitavunjika, hicho umekisamehe. Vingine unavisukuma kwa pembeni, unagonga na nyundo kwenye kipande cha mbao ili kibao kiteleze kutoka kwenye lami, usikikwatue kwa juu kwa sababu vingi vina ulimi na mfereji pembeni, yaani ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa kibao jirani, na ukikwatua ulimi unakatika. Asubuhi mapema ni bora kuliko mchana, sakafu ikiwa na ubaridi lami inakuwa ngumu na inaachia kwa mpasuko mmoja safi, mchana wa Dar inavutika kama ubani uliotafunwa. Kama ni mbao ndefu za misumari, usiitoe misumari kwa kuigonga irudi juu, kichwa kinapasua uso wa mbao. Ivute na koleo kutokea mgongoni, kichwa kinapita ndani kwa ndani na uso unabaki na kitundu kidogo. Ukimaliza pitisha sumaku kila ubao, msumari mmoja uliosahaulika unaua kisu cha randa.

Haya, lami. Hapa ndo wengi wanakata tamaa na kuuza vibao kuni, na hapa ndo panapoamua kama sakafu yako itakaa.

Usiipige na grinda wala mashine ya msasa. Msasa unaziba kwa sekunde chache, lami inapata joto inayeyuka inajipaka kote, na kuna jambo kubwa zaidi la afya: gundi nyeusi za zamani, na hasa zile vigae ngumu za plastiki zinazokutwa vyumba vya jirani, zinaweza kuwa na asbestosi, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, kwa hiyo kuigeuza vumbi kavu ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari ambayo huioni leo. Usichome na moto pia, moshi wake sio wa kuvuta. Na usiloweke kwenye mafuta ya taa au petroli, kweli inalainika, lakini inayeyukia ndani ya mbao na baadaye gundi mpya inakataa. Kinachofanya kazi ni baridi. Panga vibao kumi na tano au ishirini kwenye mfuko wa nailoni, funga, weka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi unatoa viwili vitatu kwa wakati, unakishika kibao kimesimama juu ya zege, unapitisha patasi kuukuu isiyo kali sana kwa mlalo, na lami inaruka vipande kama gamba. Ikianza kunata tena kirudishe. Fanyia nje, tandika turubai, pulizia maji kidogo na chupa ya dawa ili vumbi lisiruke, vaa barakoa na miwani, mabaki funga kwenye mfuko. Friza ya kuuzia barafu mtaani unaweza kuongea na mwenyewe akakupa usiku mmoja mmoja kwa hela kidogo, ilimradi mifuko imefungwa vizuri.

Huhitaji mgongo uwe mweupe kama mpya, utando mwembamba mweusi uliobaki unavumilika kama gundi yako imeandikwa kwamba inakubaliana na lami ya zamani, soma kopo usiamini neno la dukani. Ila mfereji na ulimi wa pembeni lazima viwe safi kabisa. Chukua bisibisi bapa upitishe kila mfereji mpaka mwisho. Punje ya lami kubwa kama mchele ikibaki mle ndani kibao hakifungi, kinabaki wazi nusu milimita, na nusu milimita ikijirudia kwenye vibao ishirini tayari mstari mzima umehama sentimita moja na ukifika ukutani hakuna ujanja.

Vikishakuwa safi vipange kwa unene. Vya karibu na mlango wa zamani vimeliwa na viatu, vya chini ya kabati ni vinene, ukivichanganya hovyo utakuja kupiga msasa wiki nzima kuvisawazisha. Mimi naona mafungu matatu yanatosha: vinene katikati ya chumba, vya kati pembeni, vyembamba kabisa chini ya kitanda au stoo. Halafu vilete ndani ya chumba chenyewe kitakachowekwa, vipange kwa kupishana hewa ipite, viache wiki mbili. Hili watu wanalidharau. Vibao vilivyotoka Dodoma vikija Tanga vitavimba, vya Tanga vikienda Dodoma vitasinyaa, na ukivitandika kabla havijazoea hewa ya pale ama vitainuka katikati kama kichuguu au vitaachana.

Wakati vinazoea hewa, shughulikia zege. Zege jipya linakauka kama milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo la inchi nne ni miezi minne, sio wiki mbili kama unavyoambiwa. Kipimo rahisi: bandika nailoni nzito ya mita moja kwa moja kwenye sakafu, ziba pembe zote na tepu, iache siku nzima na usiku wake. Ukiinua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi chini yake, unyevu bado unapanda, subiri, au kama ni nyumba ya zamani isiyo na nailoni chini ya msingi itabidi upake dawa ya kuzuia unyevu kwanza. Halafu lala na rula ndefu ya mita mbili uone mabonde, zaidi ya milimita tatu jaza.

Kutandika: usianzie ukutani, kuta zetu hazijanyooka. Pima katikati ya chumba, piga mistari miwili ya chaki inayokatana mraba, anzia hapo kwenda nje. Mtindo wa mkeka ndo rahisi kwa vibao vya 9 kwa 3, vitatu vikilala pamoja vinatoa mraba kamili wa inchi 9, unageuza mraba mmoja wima mmoja mlalo. Mfupa wa samaki ni mzuri zaidi machoni, lakini unataka fundi mtulivu na unakula vibao vingi pembeni. Gundi tumia ile ya sakafu za mbao ya poliyurethini, inayobaki na ulaini kidogo, unaitandaza kwa mwiko wenye meno. Gundi nyeupe ya seremala ni nzuri kwenye meza, ila juu ya zege maji yake yanavimbisha kibao na haina unyumbufu. Acha nafasi ya milimita 10 mpaka 12 kuzunguka kuta zote, sketingi itaifunika. Fundi atakwambia inapendeza ikigusa ukuta, mkatalie, ndiyo nafasi sakafu inayopumulia masika yakija.

Iache siku mbili tatu bila kukanyagwa kabla ya msasa.

Kama ile sakafu ilikuwa inapakwa nta nyekundu, na nyumba nyingi za zamani zilipakwa kila Jumamosi, ujue nta imejaa kwenye vinyweleo. Kabla ya mashine futa kwa spiriti nyeupe (white spirit) na matambara, badilisha tambara likichafuka, mpaka tambara litoke halina wekundu. Ukiacha nta, msasa unaisugua ndani na vanishi inakuja kutoa macho ya samaki, yaani vishimo vidogo vya mviringo. Kama ni rangi ya mafuta ya zamani iliyopakwa juu ya mbao, ichukulie kuwa ina madini ya risasi, itoe kwa dawa ya kubandulia na skrepa, usiigeuze vumbi.

Mashine ya sakafu ya kukodi ndo bora kwa chumba kizima, kwa chumba kidogo mashine ya mkono ya kuzunguka inafanya ila magoti yatakuambia. Anza na msasa wa namba 40, ule mkali, kama kuna mabonde, pita mshazari kwanza kwa sababu nyuzi za mbao zinaenda pande zote, halafu 60, 80, malizia 100 au 120. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 40 huioni sakafu ikiwa kavu, unaiona vanishi ikishalala juu na huwezi kuitoa tena bila kuanza upya. Vumbi la ule msasa wa 80 na 100 likusanye, changanya na maji ya kujazia mipasuo yanayouzwa kwa kazi hiyo, paka kwa bapa sakafu nzima, likikauka piga msasa wa mwisho. Rangi inakuwa ya mbao yenyewe, hakuna fila ya kopo inayoikaribia. Madoa meusi ya misumari ya zamani mimi nayaacha, chuma na mbao vimekutana pale miaka mingi, na mninga una asili ya michirizi kwa hiyo hayapigi kelele.

Na tafadhali, usipake steini nyeusi wala rangi ya chokoleti juu ya mninga. Watu wananunua mbao ya bei kali halafu wanaifanya ifanane na plastiki ya kichina. Dondosha maji tu kwenye sakafu iliyopigwa msasa, ile rangi utakayoiona pale mahali pabichi ndo rangi utakayoipata ukipaka kitu cha wazi. Iangalie vizuri kabla hujaamua kuifunika.

Sasa upake nini. Maseremala wa fanicha watakupa walichozoea, sanding sila ya kuziba vinyweleo na loka, ile vanishi ya kupuliza yenye tina (thinner). Kwenye kabati sawa. Kwenye sakafu inachubuka miezi michache tu, njia ya mlangoni inakuwa nyeupe na kuirudishia ni kubandua yote. Sakafu inataka vanishi ya sakafu ya poliyurethini, ile ya kopo mbili za kuchanganya kama kuna watoto na viti vinavyoburutwa. Mikono mitatu, yaani unapaka mara tatu, ya kwanza nyembamba, kati ya mkono na mkono pitisha msasa wa 180 au 220 kwa wepesi, futa vumbi kwa tambara lenye unyevu kidogo, subiri pakauke. Chagua isiyong'aa sana, mng'ao mkali unaonyesha kila mkwaruzo na kila mchanga. Kama mbao ni mvule au msaji, futa kwanza kwa tina au asetoni, na jaribu kwenye kona ya nyuma ya mlango, ngoja siku mbili, ukikwangua kwa kucha haitoki ndo uendelee. Madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa, na hakuna mtu analala humo usiku ule.

Wanaopenda mguso wa mbao yenyewe watumie mafuta. Mafuta ya kitani (linseed) yaliyochemshwa au mafuta maalumu ya sakafu, unapaka kidogo, unasubiri robo saa, unafuta yote yaliyobaki juu, unarudia kesho. Uzuri wake ni kwamba sehemu ikichakaa unapaka pale pale bila kugusa kwingine. Mafuta ya nazi au ya kula hapana, hayakauki kamwe, yanavuta vumbi na baadaye yananuka. Na yale matambara ya mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye pipa, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatumbukize kwenye ndoo ya maji au yatandaze moja moja nje mpaka yakauke magumu. Hili lisisahaulike hata kwa siku moja, mwambie na kijana anayekusaidia.

Vibao vikibaki havitoshi chumba, vinatoka meza nzuri, rafu, ngazi za ndani, hata uso wa mlango. Ila ubao wa kukatia nyama au sinia usitengeneze, hata ukiwa umeusafisha vipi ile lami ilishakaa mgongoni na chakula hakipaswi kugusana nayo.

Ukishamaliza, siku tatu za kwanza soksi tu, wiki moja kabla ya kuingiza fanicha nzito, wiki mbili kabla ya zulia. Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, weka mkeka wa kufutia miguu mlangoni maana mchanga ndo adui namba moja, fagia kila siku, na deki isiwe ile ya kumwaga ndoo ya maji na sabuni ya unga kama kwenye sementi. Tambara lililokamuliwa vizuri linatosha, na maji yakimwagika futa hapo hapo kabla hayajapata njia ya kuingia kwenye maungio.